Kikwapa, Roloni na Vitu vya Asili: Tujue Lipi la Kweli

Katika kliniki zetu za akina mama swali moja limekuwa likirudi mara kwa mara: "Sista, ni kweli kwamba roloni inaleta saratani ya matiti?" Wengine hawaulizi. Wamekwisha kuitupa roloni na kuanza kupaka ndimu, shabu au soda ya kuokea, kwa sababu jirani amewaambia au wamesoma ujumbe kwenye simu. Baadhi yao wanatufikia wakiwa na makwapa yaliyobabuka, hawawezi hata kuinua mkono kuchana nywele.

Kwa hiyo mwezi huu tuzungumze juu ya jambo hili, ingawa wengi wetu tunaona haya kulitaja. Niseme jibu langu mapema ili msomaji asisumbuke. Mtu anayetaka kuacha dawa ya dukani na kutumia vitu vya asili anaweza kufanya hivyo bila madhara, mradi ajue anachofanya. Lakini asiiache kwa hofu ya saratani. Na akiisha kuiacha, asidhani kwamba sasa amejikinga na ugonjwa huo.

JASHO LINA KAZI GANI?

Mwili wa mtu mzima una tezi za jasho kati ya milioni 2 na milioni 4. Tezi hizi ni za namna mbili.

Namna ya kwanza zimeenea karibu mwili mzima. Hutoa maji yenye chumvi kidogo, na maji hayo yakikauka juu ya ngozi mwili hupoa. Bila jasho hili mkulima asingeweza kulima hadi saa sita mchana.

Namna ya pili ziko makwapani, sehemu za siri na kuzunguka chuchu. Hizi hutoa jasho zito kidogo, lenye mafuta na protini. Zinalala tangu utoto na huanza kazi mtu anapobalehe. Ndiyo maana mtoto wa miaka sita anaweza kucheza mpira juani kutwa nzima na bado asinuke kikwapa, lakini kaka yake wa miaka kumi na minne akibeba ndoo mbili tu za maji nyumba nzima inajua.

Jasho lenyewe, linapotoka mwilini, karibu halina harufu. Harufu inaletwa na vijidudu viitwavyo bakteria, ambavyo vinaishi juu ya ngozi ya kila mtu, tajiri na maskini. Kwapani pana joto, unyevu na nywele, basi vijidudu hivi hustawi hapo. Vinakula lile jasho zito, na mabaki ya chakula chao ndiyo yanayonuka.

Kwa hiyo kikwapa si uchawi wala laana. Wala si lazima kiwe dalili ya uchafu: mtu anaweza kuoga asubuhi na bado akanuka saa nane mchana, kwa sababu vijidudu vyake ni vingi au jasho lake ni jingi kuliko la mwenzake.

DAWA ZA DUKANI NI ZA AINA MBILI

Sisi tunaziita zote "roloni" au "spirei", lakini ndani yake kuna tofauti kubwa.

Aina ya kwanza ni deodoranti. Hii haizuii jasho. Inapunguza vijidudu na kufunika harufu kwa manukato.

Aina ya pili ni kizuia jasho. Hii ina chumvi za madini ya aluminiamu. Chumvi hizo zikikutana na jasho hufanya utando mzito kama uji, unaoziba vitundu vya jasho kwa muda. Utando huo huondoka wenyewe kadiri unavyooga na ngozi inavyojibadilisha. Ukisoma karatasi ya chupa ukaona neno "aluminium", ujue umeshika kizuia jasho. Chupa nyingi madukani zina vyote viwili pamoja.

Dawa hizi si za juzi. Dawa ya kwanza ya kuzuia harufu iliyouzwa kwa jina la biashara, iitwayo Mum, ilitoka Philadelphia, Marekani, mwaka 1888. Kizuia jasho cha aluminiamu kiitwacho Everdry kilifuata mwaka 1903, nacho kiliwasha ngozi na kula nguo. Katika miaka ya 1950 ndipo ikatengenezwa chupa yenye kigololi mdomoni, kwa kufuata mfano wa kalamu ya wino yenye kigololi. Hiyo ndiyo roloni yetu ya leo.

JE, ROLONI INALETA SARATANI YA MATITI?

Uvumi huu ulianza kuenea huko Marekani mwishoni mwa miaka ya 1990 kwa barua za kompyuta, na siku hizi unazunguka kwenye simu zetu. Unasema hivi: jasho hutoa sumu mwilini, ukiziba jasho la kwapa, sumu inarudi kwenye tezi za kwapani, kisha inaingia katika titi na kuwa saratani.

Maneno haya yana sura ya ukweli, lakini mwili haufanyi kazi hivyo. Kazi ya kuondoa taka katika damu ni ya ini na figo. Jasho ni la kupoza mwili. Tena, zile tezi za kwapani zinazovimba na kuitwa mitoki hazihusiani na tezi za jasho. Hizo ni walinzi wa mwili dhidi ya magonjwa, na hazitoi kitu chochote kupitia ngozi.

Wengine huuliza, "Mbona basi saratani nyingi za titi hutokea upande wa juu karibu na kwapa?" Ni kwa sababu sehemu kubwa ya nyama ya titi yenyewe iko upande huo. Penye nyama nyingi ndipo uvimbe mwingi unapotokea.

Wataalamu hawakuishia kwenye maelezo tu. Mwaka 2002 watafiti wa Seattle, Marekani, walitoa matokeo ya uchunguzi wao. Waliwauliza wanawake 813 wenye saratani ya titi na wengine 793 wasio nayo kuhusu dawa wanazopaka kwapani na jinsi wanavyonyoa. Hawakuona kwamba waliotumia dawa hizo walipata saratani zaidi kuliko wenzao.

Mwaka 2004 watafiti wa Chuo Kikuu cha Reading, Uingereza, waliona chembe za dawa ya kuhifadhi vipodozi, iitwayo parabeni, katika uvimbe wa saratani wa wanawake 20. Habari hiyo iliwatisha watu wengi. Lakini uchunguzi huo haukulinganisha uvimbe huo na nyama ya titi nzima, na haukuonyesha kwamba parabeni ndiyo iliyoleta saratani. Kisha mwaka 2020 kamati ya kisayansi ya Umoja wa Ulaya ilipima tena habari ya aluminiamu katika dawa za kwapa, ikasema ni salama kwa viwango ilivyovitaja.

Hata hivyo wako watu wanaopaswa kuangalia:

– Mwenye ugonjwa wa figo amwulize daktari kabla ya kutumia kizuia jasho, kwa sababu figo zake haziwezi kutoa aluminiamu vizuri.

– Mama anayekwenda kupigwa picha ya matiti asipake kitu kwapani siku hiyo. Chembe za aluminiamu huonekana kwenye picha kama vidoa na kumchanganya daktari.

– Mwenye ngozi inayowashwa au kutoka vipele kila apakapo dawa aiache.

KWA NINI BASI MTU ABADILISHE?

Ziko sababu nzuri. Manukato ya dukani huwasha ngozi za watu wengi. Aluminiamu ikichanganyika na jasho huacha madoa ya njano kwenye mashati meupe, na kila mama anayefua sare za shule anayajua. Wengine wanataka kupunguza matumizi ya nyumbani, na wengine hawapendi tu kuziba jasho. Hayo yote ni halali, hakuna haja ya kumcheka mtu.

Lakini tukumbuke kwamba neno "asili" halina maana ya "haina madhara". Upupu nao ni wa asili. Tuviangalie vitu vinavyotumika zaidi, kimoja kimoja.

Ndimu na limau. Ukali wake hupunguza vijidudu, lakini huchoma ngozi, hasa iliyonyolewa. Kuna hatari nyingine ambayo wengi hawaijui: maji ya ndimu yakibaki kwenye ngozi kisha ikapigwa na jua, ngozi hubabuka kama iliyoungua moto na kuacha alama nyeusi zinazodumu wiki au miezi. Binti mmoja wa sekondari aliletwa kwetu akiwa na malengelenge kwapani na michirizi myeusi hadi kwenye kiwiko. Alikuwa amejipaka ndimu baada ya kunyoa, maji yakatiririka mkononi, kisha akashinda juani kwenye michezo. Mama yake alidhani ni mkanda wa jeshi. Ushauri wangu: ndimu iende kwenye samaki.

Soda ya kuokea. Ni ule unga mweupe unaotiwa kwenye maandazi. Inapunguza harufu vizuri. Lakini ngozi yetu kwa kawaida ina uchachu kidogo unaoilinda, na soda hii inauondoa. Ikipakwa nyingi, au kila siku kwa wiki kadhaa, watu wengi hupata wekundu na mwasho, na ngozi hukauka na kupasuka.

Hapa nisisitize: soda ya kuokea si magadi, na wala si ile soda kali ya kutengenezea sabuni, ambayo wengine huiita magadi soda. Hiyo ya sabuni inaunguza nyama. Isipakwe mwilini kamwe, na iwekwe mbali na watoto.

Shabu. Ni lile jiwe jeupe linalopenya mwanga, ambalo vinyozi hupaka baada ya kunyoa na watu wengine hutumia kutulizia maji ya matope. Ukililowanisha na kulipitisha kwapani linapunguza vijidudu. Linauzwa pia mijini kwa bei kubwa, limechongwa vizuri na kuandikwa "la asili, halina kemikali". Lakini shabu nayo ni chumvi ya aluminiamu! Mtu aliyekimbia roloni kwa kuogopa aluminiamu, akaenda kununua shabu, amezunguka nyumba na kuingia kwa mlango wa nyuma. Nayo isipakwe kwenye ngozi yenye mkwaruzo, maana inachoma.

Mafuta ya nazi. Ni laini kwa ngozi na yanapunguza vijidudu kiasi. Hayazuii jasho, na yakizidi hutia doa nguo.

Wanga. Unga laini wa wanga wa mahindi, au wa muhogo uliochekechwa vizuri, hunyonya unyevu. Hauna harufu wala hauwashi.

JINSI YA KUBADILI BILA KUUMIA

1. Chagua wakati wa kuanza. Usianze wiki ya harusi au ya mitihani. Katika siku za kwanza jasho litarudi na harufu inaweza kuzidi. Watu husema "sumu inatoka", lakini si sumu. Vitundu vilivyokuwa vimezibwa vinafunguka, na vijidudu vilivyokuwa vimepungua vinaongezeka tena. Wengi huzoea baada ya wiki mbili hivi.

2. Osha makwapa kwa maji na sabuni mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni. Hii ndiyo dawa iliyo kubwa kuliko zote, na ipo katika kila nyumba. Paka sabuni kwa mkono, sugua taratibu, suuza mpaka utelezi uishe. Usitumie dodoki gumu wala jiwe.

3. Kausha kabisa kabla ya kuvaa. Kila mtu awe na taulo au kitambaa chake.

4. Punguza nywele za kwapa kwa mkasi au wembe wako mwenyewe. Msiazimane wembe, hata ndugu kwa ndugu. Ukinyoa kwa wembe, usipake kitu chochote hadi kesho yake.

5. Ukitaka kutengeneza dawa nyumbani, chukua vijiko vitatu vya chakula vya mafuta ya nazi, vijiko vitatu vya wanga laini, na nusu kijiko cha chai cha soda ya kuokea, usizidishe. Koroga na weka katika kikopo safi chenye mfuniko. Mafuta ya nazi huyeyuka kwenye joto la nyuzi 24 hivi, basi walio pwani dawa yao itakuwa majimaji na watahitaji kuikoroga kila mara. Chukua kwa vidole vilivyonawa, kiasi cha punje ya haragwe, paka kwenye ngozi kavu, ngoja dakika chache ndipo uvae.

6. Kabla ya kupaka kwapani, jaribu kwanza kidogo upande wa ndani wa kiwiko kwa siku mbili. Ikiwasha, ondoa soda na utumie mafuta na wanga tu. Hata kwapani, mwasho ukianza, acha. Usivumilie ukidhani ngozi itazoea.

7. Angalia nguo. Polyester hushika harufu kuliko pamba, na nguo nyingi za mitumba ni polyester. Fua nguo kila baada ya kuvaa, sugua sehemu ya kwapa, anika juani. Shati linaloonekana safi lakini likinuka ukilipiga pasi, bado halijatakata.

8. Ukila kitunguu saumu na vitunguu vingi, harufu ya jasho inaweza kubadilika. Hakuna haja ya kuviacha, ni vizuri kujua tu.

Na kama baada ya mwezi mmoja huoni nafuu, kurudia roloni si aibu. Unaweza pia kutumia deodoranti isiyo na aluminiamu wala manukato makali. Mwalimu anayesimama mbele ya darasa, au mwanakwaya anayesimama bega kwa bega na wenzake, ana haki ya kuwa na amani na mwili wake.

KWA WAZAZI WENYE VIJANA

Kijana akianza kunuka kikwapa, mara nyingi yeye ndiye wa mwisho kujua. Asiachwe ajulishwe na vicheko vya wenzake bwenini. Mama au shangazi azungumze na binti, baba au mjomba na mvulana, faraghani na kwa upole: "Mwanangu, sasa umekua, mwili wako umebadilika, na kuanzia leo tutafanya hivi." Mpe sabuni yake, taulo lake, na shati la pili la kubadilisha. Kijana anayetaniwa kwa harufu huacha kuinua mkono darasani, na wengine hufikia kukataa shule.

Mtoto mdogo hahitaji dawa yoyote ya kwapa. Lakini msichana akianza kunuka kikwapa kabla ya miaka 8, au mvulana kabla ya miaka 9, mleteni hospitali. Huenda anabalehe mapema kupita kiasi.

WAKATI WA KUJA HOSPITALI

Njoo upimwe, usiendelee kutafuta dawa ya kupaka, ukiona mambo haya:

– Jasho jingi usiku hadi kulowesha shuka, pamoja na kikohozi cha wiki mbili au zaidi, homa au kupungua mwili. Inaweza kuwa kifua kikuu.

– Jasho limeongezeka ghafla, moyo unaenda mbio, mikono inatetemeka na unakonda. Inaweza kuwa tezi ya shingo.

– Majipu ya kwapani yanayopona na kurudi tena na tena, au yanayoacha matundu na makovu. Huo ni ugonjwa wa ngozi wenye matibabu yake, si uchafu.

– Uvimbe kwapani usioondoka baada ya wiki mbili.

– Uvimbe ndani ya titi, hata kama hauumi. Ngozi ya titi kuvutwa ndani au kuwa kama ganda la chungwa. Chuchu kuingia ndani ghafla au kutoa damu.

Hayo mawili ya mwisho ndiyo yaliyonifanya niandike makala hii. Hapa Tanzania saratani ya matiti ni ya pili kwa wanawake, baada ya ile ya mlango wa kizazi, na wagonjwa wengi hufika hospitali ugonjwa ukiwa umekwisha kuenea. Nimewaona akina mama walioacha roloni kwa hofu, wakajiona wamemaliza kazi, huku uvimbe wa titi ukikaa miezi mingi bila kuonyeshwa kwa mtu. Hofu iliwapeleka kwenye chupa, haikuwapeleka kwa mganga. Nao akina baba wasijione wako nje: saratani ya titi huwapata wanaume pia, ingawa ni wachache.

Basi, mama, kila mwezi, siku chache baada ya hedhi kwisha, unapooga, paka mikono sabuni na upapase matiti yote mawili hadi makwapani. Aliyekwisha koma hedhi achague tarehe moja ya mwezi. Unatafuta kitu kigeni, kitu ambacho mwezi uliopita hakikuwapo. Ukikikuta, usingoje kiume na usingoje mavuno. Njoo kwenye zahanati au hospitali iliyo karibu, ukiwa na mumeo au dada yako kama unaogopa. Uvimbe mwingi wa titi si saratani, lakini ni vipimo tu vinavyoweza kusema. Ikibidi, tutakuandikia barua ya kwenda Bugando, KCMC au Ocean Road, ambako matibabu yapo. Ugonjwa huu ukiwahiwa ukiwa mdogo, watu wanapona.